Watoto wa Kwenye Gari Jeupe

Ninashona nguo Singida Mjini, kwenye mtaa unaotoka sokoni kuelekea benki. Cherehani yangu huitoa barazani tangu asubuhi, kwa sababu chumba nilichopanga kina dirisha moja dogo, na macho yangu siku hizi hayana subira ya kutunga uzi gizani. Mbele ya baraza kuna mwarobaini uliotanuka. Mji wetu una mawe mengi na upepo mwingi, lakini vivuli vya kuegesha gari ni vya kutafuta. Kwa hiyo mwenye gari akija sokoni au benki huusogelea mwarobaini ule, na mimi niliyeinamia kazi yangu nikageuka mlinzi bila kuajiriwa na mtu.

"Mama fundi, niangalizie watoto, narudi sasa hivi."

Ndivyo wanavyosema, na hakuna anayesubiri nijibu. Mlango unabamizwa, kiatu kinalia kwenye changarawe, na mimi nabaki natazamana na watoto wa watu kupitia kioo. Nimewaona wa kila aina. Kuna mvulana aliyelalia honi mpaka wauza vitunguu wa upande wa pili wakaja kunisema mimi. Kuna pacha wawili waliomaliza mkate mzima wa familia kabla mama yao hajarudi na chumvi. Wengi hulala tu, midomo wazi, na mzazi akirudi huwasha gari na kuondoka bila hata kunipungia mkono.

Sikuona ajabu. Nilizaliwa Misigiri, na mama yangu alikuwa akitufungia ndani anapokwenda kuchota maji. Alifunga mlango kwa kamba kwa nje, akatuachia boga la kuchemsha na onyo. Tulikaa. Nyumba ile ilikuwa ya udongo na nyasi, ndani kuna ubaridi hata jua la saa saba likiwa linapasua mawe nje. Kwa hiyo nilipowaona akina mama wa siku hizi wakiwaacha watoto garini, nilijua wanafanya lile lile alilofanya mama yangu. Mwanamke ana mikono miwili, na shughuli hazimsubiri mtoto aamke. Kitu ambacho sikuwa nimekifikiria sawasawa ni kwamba gari si nyumba ya udongo.

Gari jeupe lilikuja siku moja ya mwisho wa kiangazi, ile miezi ambayo watu wanatazama mawingu na mawingu hayatazami watu. Lilikuwa gari dogo, safi, na aliyeshuka alikuwa mwanamke kijana aliyevaa sketi ya ofisini na viatu vya kisigino kifupi. Huyu hakuniomba kitu. Aliinama kwenye mlango wa nyuma akasema maneno machache na watu waliokuwa ndani, akafunga, akabonyeza rimoti ya mkononi, gari likalia kwi, akaenda zake haraka kuelekea benki. Nikaendelea na kazi. Nilikuwa na sare za kwaya za kukabidhi Jumapili, nguo za zambarau zenye kola nyeupe, na kola zilikuwa zimenichosha.

Aliegesha kivulini. Hilo lazima niliseme kwa haki yake. Lakini kivuli cha asubuhi si kivuli cha mchana. Jua lilipanda, kivuli kikajikunja kuelekea shina, na gari likabaki limekaa juani kama sufuria juu ya mafiga. Mimi sikuliona hilo likitokea. Nilichosikia ni mtoto mchanga akilia, nikajua kumbe mle ndani kuna mtoto mchanga. Alilia sana, kisha kilio kikawa cha kukatika katika, kisha kikanyamaza. Mwanamke aliyezaa hashtushwi na kilio. Anashtushwa na kunyamaza kwa namna ile. Niliacha kola chini ya sindano nikaenda.

Nyuma alikuwa amekaa msichana mdogo, wa umri wa chekechea hivi, nywele zimesukwa vizuri, jasho limemlowesha mpaka gauni limegandana na kifua. Mapajani mwake alikuwa amempakata mtoto wa miezi michache, ameviringishwa kanga. Kioo cha upande wake kilikuwa kimeachwa wazi upana wa kidole. Niliweka mdomo pale.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo." Joto lote lile, na salamu hakuisahau.

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Amekwenda benki. Anarudi sasa hivi."

"Haya. Sasa pita hapo katikati uende kiti cha mbele, uvute kile kidude cha mlango, unifungulie. Mimi ni fundi, nashona pale, unaona cherehani?"

Alitazama cherehani, akanitazama mimi, akatikisa kichwa.

"Mama amesema nisimfungulie mtu."

"Mama amesema kweli. Lakini mdogo wako anasikia joto. Mlaze kwenye kiti, uje mbele unifungulie."

"Mama amesema nisimwachie. Nikimwachia ataanguka."

Nilijaribu mlango wa kwake kwa nje, umefungwa. Nikamwambia avute kitasa cha ndani kwa mkono mmoja, akavuta, hakikufunguka. Milango ya nyuma ya magari haya huwekwa kizuizi ili watoto wasifungue safarini. Njia ilikuwa moja tu, apite katikati aende mbele, na kwenda mbele ilikuwa lazima amwachie mdogo wake. Na hilo alikuwa amekatazwa. Nilimbembeleza kwa Kiswahili, nikachanganyikiwa nikambembeleza kwa Kinyiramba ambacho hakukijua. Alizidi kumkumbatia mtoto. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyokaza mikono, na mikono ile midogo ndiyo iliyokuwa inazidi kumpa mtoto joto.

Nilirudi barazani mbio nikachukua jora la kitambaa cha kwaya, lililobaki, nikalitandaza juu ya gari kuanzia kioo cha mbele mpaka nyuma. Upepo ukalinyanyua. Nikaita. Mwendesha bodaboda mmoja, kijana anayeegesha pikipiki yake kwenye kona yetu miaka yote, akaja na wenzake wakashika pembe za kitambaa. Gari likawa la zambarau. Watu wakaanza kusogea kuuliza kama ni harusi.

"Nani anamjua mwenye gari?" niliuliza.

Hakuna aliyemjua. Mmoja akakimbilia benki. Akarudi akasema kuna foleni mpaka mlangoni, mtandao unasumbua, na mlinzi amemkatalia kuingia kupiga kelele ndani. Basi kwa bahati alikuwa anapita yule muuza dawa ya panya, anayesukuma baiskeli yenye kipaza sauti. Kipaza sauti kile sote tulikichukia, kwa maana tangu asubuhi hadi jioni kilirudia maneno yale yale: panya, mende, kunguni, viroboto, wote kwisha habari yao. Nikamsimamisha. Alipoelewa alizima kanda yake, akashika kipaza mkononi, akaenda mpaka mbele ya benki.

"Mwenye gari dogo jeupe lililo mbele ya fundi cherehani! Watoto wako wanaumia! Mwenye gari dogo jeupe! Njoo sasa hivi, mama, acha hela, njoo!"

Sauti yake ilisikika mpaka stendi, nadhani. Watu walitoka madukani. Mwenye gari hakutoka.

Nilirudi kwenye ule upenyo wa kioo. Msichana alikuwa ameanza kulia kimyakimya, machozi na jasho havitofautiani. Mtoto alikuwa amefumba macho, kichwa kimelala nyuma, midomo mikavu.

"Amelala," msichana aliniambia.

Nikamwambia mwendesha bodaboda, "Tunavunja."

"Mama, ngoja kwanza," alisema. Hakuwa mtu mbaya, nataka ieleweke. Alikuwa anaogopa. "Kioo cha mtu hicho. Wewe utarudi kwenye cherehani yako, sisi ndio tutakaoitwa wezi. Wanatujua kwa sura, sisi."

"Nitavunja mimi mwenyewe. Nyie shikeni kitambaa."

Nilichukua pasi ya mkaa. Nilikuwa naichukua na makaa yake ndani, yule mwendesha bodaboda ndiye aliyeninyang'anya akayamwaga kwanza, akanirudishia. Nikamwambia msichana afumbe macho na amfunike mdogo wake uso kwa kanga. Nikaenda upande wa mbele, mbali nao, nikapiga. Mara ya kwanza pasi iliruka. Ya pili kioo kikashuka chote kwa pamoja, chembe chembe kama chumvi ya mawe, kwenye kiti cha mbele. Nikaingiza mkono nikafungua. Mkono ulichanika kidogo, sikuuona mpaka baadaye nilipokuta damu kwenye kola nyeupe.

Hewa iliyotoka mle ndani ilinipiga usoni kama ya tanuri la mkate. Nikaingia nikapiga magoti kwenye kiti, nikanyoosha mikono kumpokea mtoto. Msichana hakumtoa.

"Sasa nimpe mimi," nilisema. "Hutamwachia. Unanikabidhi mimi. Kuna tofauti."

Akafikiri. Kweli kabisa, katika joto lile, akafikiri. Kisha akanikabidhi.

Mama wa duka la dawa la jirani alikuwa amekuja na beseni. Tulimlaza mtoto kwenye mkeka ndani kwangu, tukamvua nguo, akawa anamfuta kwa kitambaa chenye maji, kwapani, shingoni, mapajani, huku mimi nampepea kwa kipande cha kadibodi. Mwili ulikuwa unachemka na ulikuwa umelegea, mkono ukiunyanyua unaanguka. Msichana alikaa pembeni akinywa maji kutoka kwenye kikombe changu cha chai, macho hayatoki kwa mdogo wake. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Naweza tu kusema kwamba nilisali, na kwamba nilisali vibaya, nikimgombeza Mungu kama mtu aliyechelewa kuleta nguo. Halafu mtoto akakunja uso, akavuta pumzi, akalia. Kilikuwa kilio cha hasira. Nikamnyanyua, nikampakata. Barazani watu wakapiga makofi.

Ni wakati huo mama yake alipofika.

Aliona kwanza gari lililofunikwa zambarau, kisha kioo, kisha watu. Akaanza kupiga kelele akiwa bado mbali. Alipoingia ndani kwangu akamkuta mtu asiyemjua amempakata mwanawe akiwa uchi, akamkwapua kwa nguvu mpaka nikapepesuka.

"Mnamfanya nini mwanangu? Nani amevunja gari langu? Nani?"

"Ni mimi," nilisema.

"Wewe ni nani? Nani kakutuma? Nilikuwa hapo tu! Dakika tano tu!"

Mama wa duka la dawa akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Dada, mtoto alikuwa amezimia. Mpeleke hospitali sasa hivi akatazamwe. Mengine yatafuata."

Msichana akashika sketi ya mama yake.

"Mama, mimi sikumwachia," alisema. "Nilimshika mpaka mwisho."

Uso wa mama yake uliharibika pale pale. Sijui kusema vingine. Akamwinua kwa mkono mwingine, wote wawili akawabeba, akatoka. Mwendesha bodaboda alikuwa ameshapangusa vioo kwenye kiti kwa fulana yake. Yule mwanamke akawapakia, akaondoa gari.

Nilidhani yameishia hapo. Jioni ile nilifua damu kwenye kola, nikakata nyingine, na kwaya ikaimba Jumapili bila kujua kwamba majoho yao nusu yalipungukiwa kitambaa kwa kuwa jora lilichanwa na kioo cha pembeni cha gari.

Wiki ile ile akaja mwanamume, nguo zimenyooshwa vizuri, ameongozana na mwenyekiti wa mtaa. Waendesha bodaboda kwenye kona waligeuka kuwatazama. Yule mwenzao aliyenisaidia alishuka kwenye pikipiki akasimama wima, kama mtu anayengoja kuitwa.

"Shikamoo, mama," yule mwanamume alisema.

"Marahaba, baba. Karibuni."

"Mama, mimi ni mwenye lile gari jeupe. Mke wangu anasema vijana wa kona hii walivunja kioo wakitaka mkoba wake. Nimesikia wewe unakaa hapa siku zote. Ningependa kujua ni nani hasa, kabla sijakwenda polisi."

Niliweka mkasi chini. Niliona kwa pembe ya jicho yule mwendesha bodaboda ananitazama. Nikakumbuka maneno yake, kwamba wao ndio watakaoitwa wezi, na nikaona hakuwa mwoga, alikuwa anaijua dunia yake. Lakini vilevile nilimwona akilini yule mwanamke kijana na sketi yake ya ofisini. Sikujua mume wake ni mtu wa namna gani akiwa nyumbani. Wapo wanaume wanaoamkia vizuri barabarani.

"Watoto wanaendeleaje?" niliuliza.

Akashangaa. "Watoto? Hawajambo. Mdogo alikuwa na homa kidogo."

"Mke wako alikwambia watoto walikuwa wapi wakati kioo kinavunjwa?"

"Walikuwa naye benki."

Nikamwomba mwenyekiti atupishe. Akatoka kwa shingo upande, akakaa kwenye benchi nje. Nikamkaribisha mgeni ndani, nikampa kigoda, mimi nikakaa kwenye mkeka.

"Nitakueleza," nilisema, "lakini nina ombi. Mimi ni mtu mzima kwako, niruhusu. Nikishasema, ukarudi nyumbani, usimnyanyulie mkeo mkono wala sauti. Alitishika kuliko utakavyotishika wewe."

"Mama, mimi si mtu wa hivyo."

"Sijui wewe ni mtu wa namna gani. Ndiyo maana naomba."

Akasema, "Sawa."

Nikamweleza yote, kuanzia kivuli mpaka kilio. Nilipofika pale binti yake alipokataa kumwachia mdogo wake alishika paji la uso akainama, na nikaendelea kusema nikitazama kisogo chake. Nilimwonyesha pasi. Nilimwambia wale vijana ndio walioshika kitambaa, na yule mmoja ndiye aliyemwaga makaa ili nisimuunguze mtoto wake. Nje mwenyekiti alikuwa anacheka na mtu kwenye simu.

"Mimi pia huwa nawaacha," alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa. "Juzi tu Jumamosi niliwaacha nje ya gereji, mimi niko ndani natazama mpira na mafundi. Nilikuwa natoka mara moja moja kuchungulia. Yeye hata hajui."

"Basi mwambie," nilisema.

Alitoka akaenda kwenye kona. Sikusikia alichosema. Niliona amempa mkono yule mwendesha bodaboda, na yule kijana ameupokea kwa mikono miwili, ingawa hakuwa na sababu ya kuupokea kwa mikono miwili. Wenzake walicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Mwenyekiti aliuliza kama shauri limekwisha, akaambiwa limekwisha.

Mke alikuja mvua za kwanza zilipokuwa zimeshanyesha, vumbi limelala na barabara inanuka udongo. Alikuja kwa miguu, peke yake. Nilisimama nikamkaribisha. Hakukaa.

"Kwa nini ulimwambia yeye?" aliuliza. "Kwa nini hukunitafuta mimi kwanza?"

"Sikujua unakaa wapi, mwanangu. Na kijana wa watu alikuwa anakwenda kulala mahabusu."

"Nilikuwa nimeshasema. Ningerudije nyuma?"

Ni kweli kwamba uongo wa namna ile ukishatoka mdomoni kurudi nyuma ni kazi. Akasimama akipapasa nguo zilizoning'inizwa, kama mteja. Halafu, akiwa amenipa mgongo, akaanza kueleza. Usiku wa kuamkia siku ile mtoto hakulala kwa sababu ya meno. Msichana wa kazi alikuwa ameondoka kwenda kwao Mkiwa kwa msiba na hakurudi. Ofisini alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja tu. Mtoto alisinzia garini kwa mara ya kwanza tangu jana yake, na yeye akamwangalia akasema moyoni, nikimwamsha huyu nimekwisha.

"Kulikuwa na kivuli," alisema. "Nilitafuta kivuli. Nilizunguka mtaa mzima nikitafuta."

"Niliona."

"Halafu ndani ya benki huruhusiwi kutumia simu, na foleni ilikuwa inasogea, kila mara niko karibu kufika. Kila mara nasema, bado mmoja tu. Nilimsikia yule mtu wa kipaza sauti. Nilimsikia kabisa, mama. Lakini kila siku anapita pale na panya zake. Sikusikiliza maneno."

Alikaa sasa. Akalia kidogo, akajifuta kwa upindo wa mtandio, akaniambia kwamba mume wake alitimiza ahadi, hakupaza sauti. Alichofanya ni kumpigia simu mama yake aliyeko Ikungi. Mama mkwe alifika kesho yake na begi kubwa, na mpaka siku ile begi halijaondoka.

"Sasa mimi ndiye ninayeangaliwa," alisema. "Nikienda chooni anauliza mtoto nimemwacha na nani."

Nilicheka, nikajutia, lakini na yeye akacheka, akiwa bado analia. Nikamuuliza habari za binti yake. Akasema anasoma, anajua kuandika jina lake, lakini hampi mtu mdogo wake kirahisi. Hata bibi yake akitaka kumbeba huulizwa kwanza anampeleka wapi. Nikamwambia hiyo itapungua. Sijui kama imepungua.

Hatukuwa marafiki. Najua watu wangependa niseme kwamba tulikuwa, na kwamba ananiletea kuku sikukuu. Ananisalimu akipita, nami namwitikia. Nguo zake anashonesha kwa fundi mwingine, upande wa stendi, na sioni vibaya. Kuna watu wamekuona siku yao mbaya, na si rahisi kusimama mbele yao wakupime kiuno.

Mimi nimebadilika zaidi kuliko yeye, labda. Siku hizi mtu akisema niangalizie watoto, nainua kichwa na kumjibu. Nasema, "Washushe. Waingie humu, kuna mkeka." Wengine hushukuru. Wengine hutazama mkeka wangu na vipande vya vitambaa chini na pini, wakaona ni uchafu, wakaenda kuegesha kwingine. Wengine hunijibu kwamba mtoto amelala, na hao ndio wagumu kuliko wote, kwa sababu hakuna kitu kitamu kama mtoto aliyelala na hakuna mzazi asiyejua hilo. Nawaambia wamlete hivyo hivyo amelala. Mara nyingine nyumba yangu ina watoto watatu wa watu watatu wasiojuana, wanagombania makasha matupu ya nyuzi, na kazi haiendi.

Juzi juzi alikuja bwana mmoja na gari kubwa, akashuka kununua vocha na soda, akaacha injini inanguruma na kijana wake mdogo amesimama kwenye kiti cha dereva, ameshika usukani. Nikatoka nikamwambia, baba, mtoto huyu atagusa gia.

"Mama, wewe shona nguo zako," alisema, bila ukali, akaingia dukani.

Nikaenda kusimama mbele ya dirisha la dereva. Mtoto akanionyesha jinsi anavyoendesha, brum brum, mate yanamruka. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema Dar es Salaam. Nikamwambia anisubiri na mimi, naomba lifti, asiondoke kabla sijachukua mkoba. Akakubali, akakaa kitako kunisubiri. Tulibaki hivyo juani, yeye na mimi, mpaka baba yake akatoka na soda yake.